Pea ya juu, msaidizi mbovu: mwongozo kamili wa kuamua ujitose au utupe kwenye poka

Hili tatizo nimeliona mara nyingi mno mpaka nimeamua kukaa niliandike lote kwa mpangilio. Mtu anacheza vizuri saa nzima, anatupa takataka, anavumilia, afu anapata pea moja ya maana, tuseme ana K na J na mezani imelala K, basi palepale akili inahama. Anabeti, analipa, anabeti tena, analipa tena, ukigeuka kumwangalia mbele yake hakuna hata kizibo kimoja. Ukimuuliza ile ya mwisho ulilipa kwa nini anakujibu "sasa ningeachaje kaka, wakati nishaweka zote zile".

Barazani kwetu Shangani, Mtwara, hilo jibu nalisikia kila wiki, na binamu zangu wa Lindi wakija nalisikia mara mbili. Siyo wajinga. Wanajua karata kubwa wanazipigania na takataka wanazitupa. Shida iko pale katikati, na pale katikati ndo unapokuwa muda mwingi.

Kitu kimoja kishike kabla hatujaanza: uamuzi wa kujitosa na karata za kati unafanyika mapema, mzigo ukiwa bado mdogo. Ukisubiri karata ya tano ndo uanze kufikiria umechelewa. Ni kama kivuko cha Msangamkuu, unaamua ukiwa bado umesimama Feri, kikishaondoka hushuki katikati ya maji.

Poka ninayoongelea ni Texas Hold'em, kila mtu karata mbili mkononi na tano za wote mezani.

Unavyohitaji

- Karata 52, majoka yatoe.
- Kete 200 kwa kila mchezaji. Sisi tunatumia vizibo vya soda. Kuna jamaa walianza kutumia korosho ghafi maana huku zimejaa, nikawakataza, ganda likipasuka mafuta yake yanababua ngozi na watoto wanazishikashika.
- Daftari na kalamu.
- Simu yenye kikokotoo, kwa wiki mbili za mwanzo tu.
- Mwenzako mmoja wa kufanya naye mazoezi, asiye na hasira za haraka.

Na hili nalisema kwa moyo wote, jifunze kwa vizibo. Usijifunzie kwenye hela ya ada, wala ile ya korosho iliyoingia baada ya mnada ambayo nyumba nzima inaisubiri. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka leseni kwa anayechezesha kwa pesa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kwa vizibo unajifunza yaleyale, na usiku unalala.

Maneno nitakayotumia: mzigo ni kete zote zilizopo katikati ya meza. Mtaji ni zilizobaki mbele yako. Kujitosa ni kuwa tayari kuweka mtaji wote. Kulipa ni kuweka kete sawa na beti ya mwenzako, kupandisha ni kuiongeza. Blaindi ni kete ambazo watu wawili wanalazimika kuweka kabla ya karata kuangaliwa, ndogo na kubwa. Mkwara ni beti ya kutisha bila karata nzuri. Kugonga ni kupitisha zamu bila kubeti. Flopu ni zile karata tatu za kwanza za mezani. Pea ya juu ni pea uliyoipata na karata kubwa kuliko zote za mezani. Mfululizo ni karata tano zinazofuatana, na alama moja ni karata tano za alama ileile, zote mbili zinaishinda pea. Msaidizi ni ile karata yako ya pili ambayo haijapata pea. Alama ni kopa, uru, shupaza na pau (vijana wengi wanaita maua).

Hatua ya 1: Kubali kwamba karata zako ni za kati

Karata za kati ni zile ambazo mkifunua mara nyingi unashinda, ila mtu akikupiga beti tatu kubwa mfululizo mara nyingi umeshindwa. Pea ya juu yenye msaidizi wa kawaida, pea ya katikati ya meza, pea ya mkononi kama 9-9 wakati mezani kuna J moja kubwa. Hizo.

Pea ya juu yenye msaidizi A kwenye meza tulivu inapanda daraja kidogo. Pea mbili na tatu za aina moja siyo za kati, usizilete kwenye mwongozo huu.

Kwa nini tunaanza hapa: anayeamini K na J yake ni karata kubwa hatafika hata hatua ya pili. Umefanikiwa ukiona K imelala mezani na bado moyo haujaenda mbio.

Hatua ya 2: Tafuta mtaji mdogo kati yenu wawili

Angalia mtaji wako, angalia wa mwenzako, chukua ule mdogo. We una 180 yeye ana 60, mchezo wenu ni wa 60, zile 120 zingine hazipo hapo, hawezi kuzila. Wachezaji wengi wanaangalia mtaji wao tu, wakiwa na nyingi wanaogopa bure, wakiwa nazo chache wanajiona wamebanwa kumbe mwenzao ndo kabanwa zaidi.

Fanya hivi kabla flopu haijafunuliwa. Ukianza kuhesabu kete za mtu baada ya flopu anajua umepata kitu.

Hatua ya 3: Gawa mtaji kwa mzigo, upate namba

Hapa ndo moyo wa mwongozo wote kwa hiyo tulia nami.

Flopu ikishatoka chukua ule mtaji mdogo ugawe kwa mzigo. Mtaji 34 mzigo 13, namba ni 2 na pointi. Mtaji 194 mzigo 13, namba ni kama 15. Hiyo namba inakwambia ni beti ngapi za ukubwa wa mzigo mtapigana kabla mtu hajaisha.

Angalia hesabu inavyokwenda. Mzigo ni 1, ukibeti 1 na mwenzako akalipa 1 mzigo unakuwa 3. Ukibeti 3 akalipa unakuwa 9. Ukibeti 9 akalipa unakuwa 27. Kwa hiyo beti moja kamili inamaliza mtaji wa mara 1 ya mzigo, beti mbili zinamaliza mara 4, na beti tatu zinamaliza mara 13. Kariri hizi tatu: 1, 4, 13. Mi nilizichora kwa kalamu nyuma ya daftari na nilikuwa nafungua kila mchezo mpaka zikakaa kichwani.

Sasa namba inasema hivi.

Ikiwa 3 au chini: pea ya juu jitose. Hakuna nafasi ya kukimbia wala haja ya kukimbia, maana kwa mtaji mdogo hivyo mwenzako atalipa na pea ndogo, atalipa na karata zinazongoja kukamilika, atalipa na K yenye msaidizi mbovu kuliko wako. Pea ya katikati hapa bado inahitaji ufikirie, lakini hata yenyewe inapata nguvu.

Ikiwa 4 mpaka 6: hapa inategemea meza na mtu, hatua ya 4 na ya 5. Pea ya juu yenye msaidizi A mara nyingi inaenda, K na J inaenda kwa mtu anayependa mikwara, haiendi kwa mtu mkimya.

Ikiwa 7 mpaka 12: cheza mzigo mdogo. Lengo ni kufika kufunua karata kwa bei nafuu.

Ikiwa 13 na kuendelea: pea moja usijitose nayo. Ili mtaji wote uingie hapa inabidi mtu alipe beti tatu kubwa, sasa jiulize mwenyewe, nani atalipa beti tatu kubwa akiwa na karata mbaya kuliko K na J yako? Karibu hakuna. Wanaobaki mpaka mwisho ni wale waliokushinda.

Ndo maana K na J zilezile, meza ileile, jibu linabadilika kabisa kwa sababu ya mtaji tu. Mtu akikuuliza "K na J kwenye K-8-5 nijitose?" swali halijakamilika, muulize kwanza mna ngapi mbele na katikati kuna ngapi.

Onyo: namba hii unaitengeneza wewe mwenyewe kabla ya flopu na wengi hawalioni hilo. Tuseme mna 200 kila mmoja na blaindi ni 1 na 2. Unapandisha mpaka 6, wa blaindi kubwa analipa, mzigo 13, mtaji 194, namba 15. Ila kama yeye angepandisha tena mpaka 20 na we ukalipa, mzigo ungekuwa 41, mtaji 180, namba 4 na kidogo. Mpandisho mmoja tu umekutoa kwenye kumi na tano ukakuleta kwenye nne. Kwa hiyo kabla ya kulipa ule mpandisho jiulize, nikipata pea ya juu kwenye namba 4 niko tayari? Kama jibu linakutoa jasho, tupa K na J mapema, zimekugharimu zile 6 tu.

Umefanikiwa ukiweza kuitoa namba kichwani kwa sekunde kama tano, hata kwa makadirio. 14 au 16 hakuna tofauti. 3 au 6 ipo, tena kubwa.

Hatua ya 4: Soma meza, kavu au ya matope

Meza kavu ni kama K-7-2 za alama tofauti, hakuna kinachoungana. Ya matope ni kama J-10-9 mbili zikiwa za kopa, kila mtu ana kitu, mwenye pea, mwenye kungoja mfululizo, mwenye kungoja alama moja.

Kwenye meza kavu pea yako ya kati inadumu, ikiwa unaongoza sasa hivi kuna uwezekano utaongoza mpaka mwisho, ndo maana unaweza kugonga raundi moja bila woga. Kwenye matope, anayengoja alama moja ana karata 9 za kumwokoa, kwa karata mbili zilizobaki anapata kama asilimia 35, anayengoja mfululizo wa pande zote mbili ana karata 8, kama asilimia 31. Kwa hiyo huko ama unabeti ya maana alipie kungoja kwake, ama unakubali mzigo ubaki mdogo. Ile beti ya aibu ya robo mzigo kwenye matope ni kumpa mtu lifti ya bure mpaka kwake.

Na wakiwa watu watatu au wanne kwenye mzigo, shusha pea yako daraja moja. Wanne wote kukosa ni bahati ambayo haiji kila siku.

Hatua ya 5: Soma mtu

Hapa sitaandika mengi, wewe ndo unawajua wa meza yako. Kuna mzee mmoja mvuvi wa Mikindani tunacheza naye, anakunywa kahawa yake, anatupa, anatupa, akipandisha beti kwenye karata ya nne au ya tano we tupa pea yako hata kama ina msaidizi A. Sijawahi kumwona anafunua mkwara pale. Kuna dogo wa bodaboda yeye kila akiona mtu kagonga lazima arushe beti, kwa huyo pea ya katikati ni mali.

Swali la kujiuliza ni moja: huyu mtu nimeshamwona akiweka beti kubwa ya mwisho na karata mbovu? Kama hujawahi kuona, usimtungie mkwara kichwani ili upate sababu ya kulipa.

Hatua ya 6: Panga idadi ya beti kabla ya ya kwanza

Ukishajua namba, meza na mtu, sema kimoyomoyo "hii pea inalipa beti mbili", au moja, au zote. Useme kweli, kwa maneno, kabla kizibo chochote hakijaondoka mkononi baada ya flopu.

Raundi zipo tatu, flopu, karata ya nne, karata ya tano. Pea ya kati kwenye mtaji mkubwa kwa kawaida inatosha beti mbili, kwa hiyo raundi moja lazima upite bure. Ipi? Ukiwa unaongea mwisho, beti kwenye flopu, gonga kwenye ya nne, afu kwenye ya tano ama unabeti ndogo ama unalipa moja. Faida yake, mwenzako akiona umegonga ya nne anadhani huna kitu, anarusha mkwara kwenye ya tano au analipa na pea yake ndogo ambayo angeitupa kama ungeendelea kubonda.

Ukiwa unaongea mwanzo ni ngumu zaidi, kwa sababu ukigonga yeye ndo anaamua bei. Hapo karata za kati nyingi ni bora usiziingize kabisa tangu kabla ya flopu.

Ngoja niwaonyeshe mchezo mmoja ulivyokwenda, niliupoteza mimi na nimeuandika kizibo kwa kizibo.

Tulikuwa na 200 kila mmoja, nina K ya kopa na J ya uru, naongea mwisho. Nikapandisha 6, mzee wa Mikindani akalipa kutoka blaindi kubwa. Mzigo 13. Flopu: K ya shupaza, 8 ya pau, 5 ya pau. Akagonga, nikabeti 8, akalipa, mzigo 29. Karata ya nne 9 ya uru. Akagonga, nikabeti 20, akalipa, mzigo 69. Karata ya tano 2 ya kopa, haina maana yoyote. Akagonga tena. Nikaweka 30.

Akashusha kikombe chake cha kahawa chini taratibu, akasukuma vizibo vyote mbele kwa viganja viwili, 166. Hakusema kitu.

Nikalipa. Alikuwa na 7 na 6, mfululizo wa 5 mpaka 9 uliokamilika palepale kwenye karata ya nne.

Kosa siyo kwamba alikuwa na 7 na 6, hilo lingeweza kumtokea yeyote. Namba ilikuwa 15 na mimi nikacheza kama ni 3. Ningebeti 8 kwenye flopu, nikagonga kwenye 9, mzigo ungebaki 29, kwenye ya tano angebeti kama 20 nikalipa, ningepoteza 34 jumla. Nilipoteza 200.

Sasa chukua mchezo uleule ila kila mmoja awe ameanza na 40. Baada ya kupandisha 6 mtaji ni 34, mzigo 13, namba 2 na pointi. Nabeti 8, analipa, mzigo 29, nimebaki na 26. Karata ya nne naweka zote 26. Akiwa na 7 na 6 nimeliwa, sawa, ila kuna K na 10, kuna 8 na A, kuna pau mbili zinazongoja, hao wote wanalipa kwa mtaji huo na hao wote nawaongoza. Hapo kuliwa ni kuliwa, mchezo ulikuwa sahihi.

Hatua ya 7: Akikushambulia, tafuta bei

Mtu kabeti na mpango wako umeguswa. Usiangalie uso wake kwanza, angalia bei. Chukua unachotakiwa kulipa, gawa kwa mzigo utakavyokuwa baada ya wewe kulipa.

Akibeti nusu ya mzigo: mzigo 60, kabeti 30, unalipa 30, jumla 120. Robo. Unatakiwa kushinda mara 1 kati ya 4, asilimia 25.

Akibeti mzigo mzima unahitaji asilimia 33. Theluthi ya mzigo, asilimia 20. Mara mbili ya mzigo, asilimia 40. Hizi nne zinatosha.

Turudi kwa yule mzee na 166 zake. Mezani zilikuwepo 69, na 30 zangu, na 166 zake, jumla 265. Natakiwa kuongeza 136. Nikilipa mzigo unakuwa 401. 136 kwa 401 ni asilimia 34, yaani lazima nishinde mara 1 kati ya 3.

Je nashinda? Hesabu njia za kuzipata karata zinazonishinda. 9-9, 8-8 na 5-5 kila moja ina njia 3, jumla 9. K na 9, zimebaki K mbili na 9 tatu, njia 6. 9 na 8, njia 9. 7 na 6, njia 16. Jumla 40, na sijaweka K na 8. Ili nifikie mara 1 kati ya 3 yule mzee anatakiwa awe na mikwara kama 21 dhidi ya hizo 40. Mzee ambaye sijawahi kumwona na mkwara hata mmoja! Hapo kutupa hakuhitaji ujasiri wowote.

Ukiwa mezani huwezi kuhesabu zote hizo, mi mwenyewe siwezi. Ila ukifanya nyumbani na daftari mara kumi hivi, utaanza kuhisi mapema wapi kuna karata nyingi za kukushinda na wapi ni chache.

Onyo kubwa: ulizokwisha weka siyo zako tena. Mkulima wa mikorosho analijua hili kuliko mtu yeyote. Umeshapuliza salfa raundi mbili, ya tatu hupulizi kwa sababu zile mbili zilikuuma mfukoni, unapuliza kwa sababu umesimama chini ya mti ukaangalia maua yake leo. Mti ukiwa umekauka, salfa ya tatu ni hasara ya tatu. Na kwenye karata ni hivyohivyo, zile kete zimo kwenye mzigo, zinahesabika kama sehemu ya mzigo unaoushindania na siyo zaidi.

Hatua ya 8: Mstari wa theluthi

Hii ni breki ya mkono. Kabla hujaweka beti itakayofanya uwe umeingiza theluthi ya mtaji wako, simama, ujiulize kama uko tayari kuweka zote.

Sababu yake ni hesabu tu. Una 60, mzigo 20. Unabeti 20, analipa, mzigo 60, umebaki na 40. Raundi inayofuata anasukuma zote. Unalipa 40 kupata jumla ya 140, asilimia 28 na nusu. Kwa bei hiyo pea ya juu kuitupa ni shida, umeshajifunga. Lakini hujajifunga sasa hivi, ulijifunga ulipoweka ile 20. Kwa hiyo swali liulizwe pale, kabla ya 20, siyo hapa.

Kama jibu ni ndiyo, weka bila kusitasita na asikutishe mtu. Kama ni hapana, gonga au beti kidogo. Ile ya kuweka theluthi afu ukatupa ndo inayomaliza watu polepole bila wao kujua zimeenda wapi.

Hatua ya 9: Zoezi la nusu saa

Mkae wawili. Mmoja anapewa K na J zilizofunuliwa, mwingine anachanganya na kugawa flopu yenye K. Mnataja mtaji wowote na mzigo wowote, mwenye K anatakiwa aseme kwa sauti: namba, meza, beti ngapi. Mfanye mara 20, mbadilishane.

Kosa la kawaida kwenye zoezi ni mtu kuruka namba akaanza kusema "huyu atakuwa na nini". Mrudishe. Namba kwanza.

Hatua ya 10: Andika ulichoamua

Baada ya kila mchezo uliojitosa au uliotupa karata za kati, andika mstari mmoja: karata, namba, beti ulizopanga, beti ulizolipa. Usiandike kama ulishinda au ulishindwa, angalau mwezi wa kwanza, maana ushindi unadanganya. Niliwahi kujitosa na pea moja kwenye namba 14 nikashinda 200, na ule ushindi ulinigharimu wiki tatu zilizofuata kwa sababu niliamini ndo inavyochezwa.

Unachotafuta kwenye daftari ni safu mbili za mwisho kufanana. Ulipanga mbili ukalipa mbili. Ulipanga moja ukalipa moja. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na mistari 11, iliyofanana ilikuwa 3. Ukurasa wa nne ilifanana 9, na jioni hiyohiyo yule mzee alisukuma tena viganja viwili mbele, nikiwa na K na Q, na mimi nikaziweka chini karata zangu, nikamwomba mwenye kahawa aniongezee.